Umeokoka, Jumatatu Ufanye Nini? Siku 40 za Kwanza za Kumfuata Yesu kwa Mtu wa Mombasa Mwenye Kazi, Madeni na Majirani

Ibada ikiisha, kabla sijafika getini, lazima kuna mtu atanivuta shati. Mwezi uliopita alikuwa kijana wa tuktuk wa Mikindani, Jumapili iliyofuata dada mmoja anayepika viazi karai Magongo, na swali ni lile lile: "Kaka, niliokoka mwezi wa nne, nikaambiwa nimfuate Yesu, sawa, lakini nikiamka Jumatatu nafanya nini hasa?" Wengine wana la pili ambalo huuliza kwa sauti ya chini: "Na nikianguka tena?" Nimeyajibu nikiwa steji, nikiwa ndani ya feri, nikiwa nimebeba mitungi ya maji, mpaka nikaona bora niandike mara moja mtu ajisomee akiwa ametulia.

Mimi si mchungaji. Nina kikundi cha watu sita tunakutana Alhamisi usiku hapa Changamwe, mwaka wa tisa sasa, na mengi ninayokwambia nimeyajua kwa kukosea. Theolojia nzito waulize wenye shule zake.

Neno moja tu la maelezo kisha twende kazini. Kumfuata Yesu ni kuwa mwanafunzi wake, na mwanafunzi wa zamani hakuwa mtu wa dawati na mtihani, alikuwa kama yule kijana wa gereji: anakaa na fundi, anashika spana, anafokewa, anaangalia mkono wa fundi unavyokwenda, na siku zikipita mkono wake nao unaanza kwenda vile vile. Wale kumi na wawili walikaa na Yesu hivyo. Na Luka 9:23, pale kwenye kujitwika msalaba, kuna maneno mawili watu huyaruka: kila siku. Si kila mkesha wala kila semina.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Biblia ya karatasi. Najua simu ina Biblia, lakini simu hiyo hiyo ina WhatsApp, ina mechi, ina meseji ya kukukumbusha mkopo. Kama Kiswahili cha Biblia ya Union kinakupiga chenga chukua ile ya Habari Njema, hakuna atakayekuhukumu.
- Daftari la kawaida la mtoto wa shule, na kalamu.
- Dakika 20 kwa siku ambazo hazina mwenyewe.
- Kanisa ambalo ukikosa wiki mbili kuna mtu atauliza uko wapi. Kama ni kubwa mno hakuna anayekujua jina, tafuta jumuiya au feloshipu ya mtaani ya hapo hapo.
- Mtu mmoja wa kukulea. Huyu ana hatua yake huko chini manake hapa ndo watu huumia.
- Orodha ya madeni yako yote. Ndiyo, umesoma sawa, madeni ya pesa.

Usichohitaji: suti, mafuta ya upako, maji ya chupa yaliyoombewa, wala "mbegu" ya elfu tano. Ukiambiwa huwezi kuanza bila kununua kitu, toka hapo polepole na usiache namba ya simu.

Hatua zenyewe

1. Keti na karatasi uhesabu gharama

Yesu mwenyewe ndiye aliyesema, Luka 14:28, mtu akitaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu kama anavyo vya kuumalizia. Ukitaka kuuelewa mfano huo panda matatu uende mpaka Utange, utaona nyumba zimefika linta zikaishia hapo, mpapai umeota sebuleni.

Gawa ukurasa mara nne: kazi, nyumbani, marafiki, mwili. Chini ya kila moja andika kitu kimoja ambacho ukimfuata Yesu kweli kitabadilika na kitakuuma. Kimoja tu. Na kiwe na jina, usiandike "dhambi", andika "kubeti Jumamosi", "kutafuna muguka", "yule mpango wa kando wa Bamburi", "risiti ninazoongeza sufuri". Kijana wa tuktuk aliandika kwenye marafiki: "Nitakaa na nani jioni?" Hiyo ndo gharama yenyewe, na alikuwa mkweli kuliko mimi, mimi mara ya kwanza niliandika "kuacha ulimwengu" nikalala nimeridhika sana na nafsi yangu.

Kosa la kawaida: kusema nimehesabu na nimekubali yote. Hapana. Weka alama kwenye yale ambayo bado hujakubali. Yohana 6:66 wanafunzi wengi waligeuka wakaenda zao na Yesu hakuwakimbilia kuwapunguzia bei, kwa hiyo usijipunguzie wewe.

2. Funga dakika 20 kwenye kitu ambacho tayari kipo

Usitegemee moyo kuwa na hamu. Moyo wa saa kumi na moja alfajiri hauna hamu ya kitu chochote. Tafuta kitu kinachotokea kila siku upende usipende, uzifunge dakika zako hapo. Mimi ni adhana. Msikiti uko mita chache kutoka dirishani kwangu, muadhini hajawahi kukosa, na nkajiambia kama jirani yangu mzee anaamka na bakora yake kwenda kuswali alfajiri, mimi ninayesema ninamfuata Yesu nalala kwa sababu gani? Basi adhana ikilia naamka. Dada wa viazi karai yeye amezifunga kwenye muda wa viazi kuchemka. Kuna baba wa Likoni anasomea kwenye foleni ya feri, na foleni ya feri mnaijua, kuna siku anamaliza sura tatu.

Onyo: nilipoanza niliapa kuomba masaa matatu kila usiku. Nilifika siku ya kumi na moja nikalala kazini juu ya mafaili, nikafokewa mbele ya wateja, na nikaacha kabisa kuomba karibu miezi miwili kwa aibu. Dakika 20. Ukitaka kuongeza, ongeza baada ya siku 40.

3. Soma Marko, kisha Luka

Marko ina sura 16, Luka ina sura 24. Jumlisha uone. Sura moja kwa siku na siku 40 zimetimia. Watu hutaka kuanzia Ufunuo kwa sababu ya wanyama na namba, na wengine huanzia Mwanzo wakafia Mambo ya Walawi, ila wewe unajifunza mkono wa fundi kwa hiyo mwangalie fundi kwanza.

Kila siku andika majibu ya maswali haya kwenye daftari:
- Yesu amefanya nini hapa? (Si nilivyojisikia mimi. Amefanya nini yeye.)
- Kuna nini cha kufanya leo kabla sijalala?
- Nani nitamwambia nimefanya au sijafanya?

Swali la pili ndo roho ya jambo zima. "Niwe na upendo zaidi" si jibu. "Nimpigie dadangu simu ambaye hatujaongea tangu Krismasi" ni jibu. Kama sura haikupi kitu siku hiyo, andika "leo sijaona" na uende kazini, usitunge.

4. Tafuta mlezi, na ujue wa kumkimbia

Hapa ntakaa kidogo, mnivumilie.

Hakuna anayejilea. Pale Kengeleni, hapa Mombasa, jina limetokana na kengele ya Frere Town, mji wa watumwa walioachwa huru miaka ya 1870, na ile kengele ilipigwa kuwaonya watu kukiwa na hatari. Mlezi ni wa kazi hiyo, kukupigia kengele, kisha kila mtu arudi kwake. Mtafute mtu aliyekutangulia miaka kadhaa, wa jinsia yako, ambaye umeona nyumba yake na si mimbari yake tu, ambaye ana madeni ya kawaida na ugomvi wa kawaida na akikosea anasema nimekosea. Mwambie hivi tu: "Ndugu, nataka tukutane nusu saa kwa wiki, siku 40, uniulize maswali matatu." Mtu akiwa na mwisho wa kazi hukubali upesi, lakini ukimwambia "uwe baba yangu wa kiroho" ataogopa, na asipoogopa ogopa wewe.

Kwa sababu sisi watu wa Pwani hatuna ruhusa ya kujifanya hatujui. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, watoto wakiwemo, waliokuwa wameambiwa wafunge chakula mpaka wafe ndipo wakutane na Yesu. Wengi wao walikuwa watu wa bidii, waliotaka kumfuata Mungu kwa moyo wote, si watu wa mchezo. Hilo ndilo linaniuma mimi, manake bidii ile ile ninayokuomba hapa, ikikabidhiwa mtu mmoja bila maswali, inaua.

Basi zichukue hizi dalili, na ukiona hata moja ondoka, usingoje ya pili:
- Anakukataza hospitali, dawa au shule ya watoto.
- Anataka uuze shamba, ukabidhi kitambulisho, au mshahara upitie kwake.
- Anakutenga na ndugu zako, ati ni mapepo.
- Anaota ndoto kuhusu wewe nani umuoe na wapi uhamie.
- Hakuna anayemuuliza yeye swali. Muulize: "Na wewe nani anakulea?" Mlezi wa kweli atakutajia jina la mtu, na unaweza kwenda kumuona.

Paulo aliwaambia Wathesalonike wajaribu mambo yote walishike lililo jema, 1 Wathesalonike 5:21. Kujaribu maana yake ni kupima, kama unavyopima sarafu. Kwa hiyo kuuliza si uasi.

5. Anza kulipa

Zakayo, yule mtoza ushuru, alipomkaribisha Yesu nyumbani, kitu cha kwanza kilichomtoka mdomoni ni hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Haikuwa kwaya wala ushuhuda. Ndo maana nilikwambia uje na orodha ya madeni.

Mimi nilikuwa nadaiwa 4,500 na mama wa duka la hapa mtaani. Miaka miwili nilikuwa nazunguka nyuma ya msikiti nisipite mbele ya duka lake, na Jumapili naimba nimekombolewa. Mlezi wangu aliposikia hakuniombea, alicheka, kisha akaniuliza kwa wiki naweza kutoa ngapi. Nikasema 300. Akanipeleka mwenyewe mpaka dukani, nikamwambia yule mama mbele ya wateja wake wawili, "Mama, nimekuja kuanza kulipa." Alinitazama akasema "Leo jua limetokea wapi?" Wiki 15. Wiki ya 15 alinipa soda, na mpaka leo watu wakinisifia maombi yangu mimi huikumbuka ile soda.

Kama huna hata 50 ya kutoa, nenda ukaseme huna. Kwenda ndiko kugumu, pesa hufuata. Na usichukue mkopo wa simu kulipa deni ili uonekane umelipa, hapo umehamisha tu.

6. Kazini: amua kabla ya bahasha kufika

Ukingoja ufikiwe ndipo uamue, umeshaamua.

Nilikuwa kwenye kampuni moja ya klaring, ya kutoa mizigo bandarini, jina siliweki, kazi yangu kukimbiza mafaili. Faili haliendi hivi hivi, linaenda na bahasha, na bahasha nilikuwa naibeba mimi. Nilipofika Marko sura ya 10, yule tajiri aliyeondoka na huzuni, swali la pili lilinikaa kooni siku nne. Nikaenda kwa bosi nikamwambia nitakimbiza kila faili lakini bahasha sitabeba. Hakunifukuza, laiti angenifukuza ningepata hadithi nzuri. Aliacha tu kunipa mafaili, na mimi nalipwa kwa faili. Miezi mitatu nakaa kwenye benchi naangalia feni. Mwishowe nikatoka mwenyewe, nikauza mitumba ya watoto Kongowea miezi saba, na kuna wiki mke wangu alikuwa anapika maharagwe bila nazi, bila vitunguu, bila kuniangalia usoni.

Nakwambia haya usije ukasema hukuambiwa. Kuna wahubiri watakwambia ukikataa rushwa Mungu atakupa kampuni yako mwenyewe kabla ya Desemba. Mimi hakunipa. Baadaye mzee mmoja mwenye duka la hadiweya, Muislamu, swala tano, alinitafuta sokoni akasema, "Nimesikia wewe ndiye hubebi bahasha. Nataka mtu wa kushika funguo za stoo." Niko naye mpaka leo na mshahara wake haujafikia ule wa mwanzo.

Kivitendo fanya hivi:
- Andika sentensi moja utakayosema, fupi, bila mahubiri. Mfano: "Bosi, hiyo siwezi, lakini ntafanya hii na hii."
- Mwambie mlezi wako kabla ya siku yenyewe.
- Mwambie mkeo au mumeo KABLA. Mimi sikumwambia, akasikia kwa jirani, na hilo lilimuuma kuliko maharagwe.
- Kama unaweza, weka akiba ya hata mwezi mmoja wa kodi kwanza. Kujipanga si kukosa imani, ndo kule kuhesabu gharama.
- Na fanya kazi vizuri. Ukikataa bahasha huku unachelewa kila siku, watu wataona unatafuta sababu.

7. Nyumbani na kwa majirani: punguza mdomo, ongeza mikono

Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni. Baba alipofariki wazee walitaka mambo ya koma, mizimu ya wahenga, yafanyike, pombe ya mnazi imwagwe, wahenga waambiwe. Nami nilikuwa nimeokoka miezi mitano, moto moto, nikasimama katikati ya hanga, yaani matanga, nikaanza kukemea mapepo mbele ya wazee wa miaka themanini. Shangazi yangu hakunisalimia miaka minne. Sijutii kutoshiriki, najutia makelele.

Siku hizi naenda hivi. Nafika siku mbili kabla, namtafuta mjomba mkubwa faraghani, namwambia kwa heshima: mjomba, nitachimba kaburi, nitachota maji, mchango wangu huu hapa, jeneza nitasaidia, lakini ile sehemu ya mnazi nitakaa pembeni, usione nimewadharau. Mjomba hufikiri kidogo, huguna, kisha hunituma kuni. Imetosha. Mtu aliyechimba kaburi tangu alfajiri hana haja ya kujieleza sana.

Majirani Waislamu, na Mombasa ni ndugu zetu hawa, tunagawana ukuta na bomba la maji likitoka. Maswali ni yale yale:

Nikiletewa biriani ya Idi nile? Kula, na rudisha sahani ikiwa na kitu. Wengine watakwambia usile, mimi nimesoma 1 Wakorintho 10:27, ukialikwa kula unachowekewa bila kuulizauliza.

Ramadhani je? Usikae koridoni na sahani saa saba mchana watoto wa watu wakikuangalia. Ukikaribishwa futari, nenda.

Niwahubirie? Petro alisema uwe tayari kumjibu kila akuulizaye, kwa upole, 1 Petro 3:15. Akuulizaye. Ishi kwanza mpaka mtu aulize. Kufunga spika mbili ndani ya ploti ya vyumba kumi na kukesha ukipiga kelele si ujasiri, ni kuwanyima watu usingizi, na yule mama mwenye mtoto mchanga hatakuuliza kitu chochote maisha yake yote.

8. Funga siku moja, kwa akili

Katikati ya siku 40 chagua siku moja, ruka mlo wa mchana, muda huo uombe, na pesa ya chakula umpe mtu. Basi. Wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, joto la hapa si la mchezo, kunywa maji. Kama una sukari, presha, mimba, unanyonyesha, uko kwenye ARV au dawa za TB, usifunge chakula wala usiruke dozi hata moja. Funga simu badala yake, wengi wetu hiyo ndo ngumu zaidi. Na usitangaze kwa stetasi.

9. Chukua kazi moja isiyoonekana

Kuosha choo cha kanisa. Kumpandishia bibi wa gorofa ya nne maji Jumamosi. Isiwe ya kushika maiki. Fanya mpaka siku 40 ziishe, mtu akiuliza nani ameosha, nyamaza.

Na faida iko wapi?

Petro naye aliuliza, kwa hiyo usione aibu. Aliambiwa Marko 10:30, atapokea mara mia sasa wakati huu, nyumba na ndugu na mama na mashamba, na mwishoni mwa orodha hiyo tamu Union imeweka neno moja la Kiswahili kizuri sana, "pamoja na udhia". Wahubiri wengi husoma mpaka mashamba wakafunga kitabu.

Ile mara mia nimeiona lakini haikuja na sura niliyoitegemea. Mtoto wangu alipolazwa, watu wa Alhamisi walipanga zamu hospitalini bila mimi kuomba, mmoja wao ni boda ambaye kila saa ya kukaa pale alikuwa anapoteza pesa. Nina mama watatu mjini hapa ambao hawakunizaa na wote wananikaripia. Napita njia yoyote mtaani bila kuzunguka nyuma ya msikiti. Nalala. Aliyewahi kukaa na siri mbili tatu anajua neno hilo lina uzito gani. Udhia nao haujakosa, mke wangu atakusimulia, na sasa ananiangalia usoni akisimulia.

Ikikwama

*Nimeruka siku tano.* Usilipe madeni ya sura, usisome sita kwa mpigo. Fungua pale ulipoishia, siku zako zitakuwa 45, hakuna mtihani.

*Nimeanguka kwenye kitu kile kile.* Methali 24:16, mwenye haki huanguka mara saba akainuka. Mwambie mlezi ndani ya siku moja, usiache siri ilale mara mbili. Kisha badilisha njia, si moyo tu: kama kibanda cha muguka kiko unakopita, pita kwingine, kama ni kubeti, futa akaunti na umpe mkeo namba ya siri ya simu. Kama ni unga, yaani heroini, maombi na matibabu vinaenda pamoja, kliniki ya methadoni ipo Kisauni, na usiache dozi kwa sababu umeombewa.

*Naomba sisikii chochote.* Kawaida. Nenda siku moja mpaka Mazeras, kutoka hapo Rabai si mbali. Hapo ndipo wamisionari wa kwanza walikaa. Krapf alifika Mombasa 1844, mwaka huo huo akamzika mkewe Rosina na mtoto mchanga, kaburi liko upande wa Nyali. Mwenzake Rebmann alikaa 1846 mpaka 1875, miaka 29, akaondoka macho yameshapofuka, na waliobatizwa walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Sisemi walifanya kila kitu sawa, wamisionari walikuwa na makosa yao. Nasema tu wiki zako tatu za ukimya si ajabu.

*Nimetoka kwenye Uislamu na nyumbani hawajui.* Usitangaze mtandaoni, usikubali kusimamishwa madhabahuni kutoa ushuhuda wa kupigiwa makofi. Tafuta mzee mmoja aliyepitia njia hiyo, nenda pole pole, endelea kuwaheshimu na kuwahudumia wazazi wako. Ukihisi hatari ya kweli mwambie mtu mapema upate pa kulala.

*Mke wangu anasema tangu niokoke nimekuwa na kiburi.* Huenda ni kweli. Osha vyombo wiki mbili bila kumnukulia mstari wowote, kisha muulize tena.

*Mlezi wangu ameanguka.* Utalia, ni sawa. Hukuwa unamfuata yeye. Kama alichofanya ni kosa la jinai, au amegusa mtoto, ripoti polisi, usikubali "tuyamalize kanisani". Kisha tafuta mlezi mwingine usianze upya siku ya kwanza.

*Nimemaliza 40, sasa?* Yohana ina sura 21, hizo ni wiki tatu, na katika wiki hizo tafuta mtu mmoja aliye nyuma yako ukae naye nusu saa kwa wiki umuulize maswali yale yale. Usisubiri ukamilike. Yule kijana wa tuktuk ninakaa naye mimi, yuko siku ya 23, ameruka mara mbili, jioni anakaa na sisi kwenye benchi la kahawa, na bado anadaiwa 1,200 na muuza tairi, ambaye Ijumaa tunaenda kumuona pamoja.